Herufi ya Mwisho

Miaka thelathini na mmoja Eluned Prosser
amesoma prufu za gazeti la Alhamisi
katika bonde moja la Welisi, kusini:
kalamu nyekundu, chai iliyopoa, dirisha lisilofunga vizuri.
Kosa analolijua kuliko yote ni moja.
Watu huandika pumzi mahali pa kupumua.

Kwa Kiingereza maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja.
Jina ni fupi, irabu yake mlango uliobamizwa,
na linaishia kwa th ya thelathini: hewa tupu, meno, basi.
Kitenzi kina herufi moja zaidi mwishoni,
e, isiyotamkwa na yeyote,
lakini ikikaa pale irabu hurefuka,
th hugeuka dh ya dhahabu,
na koo lililokuwa limenyamaza huvuma.
Jina ni kitu ulicho nacho.
Kitenzi ni kitu unachopaswa kukirudia.

Ameirudisha herufi hiyo kila mahali.
Tangazo la hoteli: divai yetu hufunguliwa mapema ipate kupumua.
La duka la nguo: mashati ya kitani, yanapumua.
Ripoti ya raga: wageni walitupumulia shingoni hadi kipenga cha mwisho.
Barua ya diwani aliyeapa
hakumpumulia mtu neno juu ya zabuni ya daraja.
Divai, mashati, diwani,
bonde zima lilipumua bila taabu
ila nyumba namba kumi na nne, ngazi ishirini na mbili kutoka barabarani,
ambako Idwal, babake,
alikaa kitako usiku kucha, mito mitatu mgongoni,
akihesabu.

Alichimba makaa tangu ana miaka kumi na mitano.
Mgodi ulifungwa, ukapandwa miti, ukawekwa mabenchi;
vumbi lake likabaki kifuani mwake kama mpangaji asiyelipa.
Kliniki, nesi alimshikisha mrija:
"Pumua ndani. Shikilia. Sasa toa, toa, toa, endelea."
Akatoa kilichokuwepo.
Sindano ya mashine ikasogea kidogo, kwa adabu, ikarudi.
"Nimempa yote," alimwambia Eluned garini,
"naye bado anataka."
Akacheka, na kicheko kikamgharimu hadi daraja la pili.

Alikufa Jumapili. Jumanne
ikaja tanzia, mwandiko wa Emlyn, kakake,
fundi bomba asiyewahi kupatana na tahajia:
"Baba yetu mpendwa, Idwal Prosser.
Miaka tisa alipumzi kwa shida.
Sasa hana shida."

Alipumzi.
Kalamu ikashuka yenyewe, kwa mazoea,
ikasimama unywele mmoja juu ya karatasi.
Akasoma kwa sauti ndogo kama lilivyoandikwa:
mlango ukabamizwa. Hewa tupu. Meno.
Akaongeza herufi kichwani, akasoma tena.
Neno likawa refu, laini, la mtu mwenye nafasi,
na mtu huyo hakuwa baba.

Katika lugha hii ninayoandikia
pumua na pumzika ni shina moja,
amalizaye la kwanza hukabidhiwa la pili.
Eluned hakuwa na bahati hiyo.
Alikuwa na herufi moja
na saa mbili kabla ya mitambo.

Akaweka vema pembeni. Ikachapwa hivyo.

Ijumaa asubuhi simu ikalia: Bi Gwladys Beynon, mwalimu mstaafu,
aliyemfundisha tahajia kwa rula.
"Ukurasa wa kumi na tisa, Eluned. Kitenzi kile."
"Naam, Bi Beynon."
"Kuna herufi imeanguka."
"Najua," alisema. "Na ilipo napajua."
Upande wa pili kimya. Si kimya kabisa,
kwani masikio yakizoea
hata kwenye waya husikika mtu mzee
akivuta, akishikilia,
akitoa.